Karatasi Mbili, Petronella Moja: Majibu kwa Wanaojifunza Dansi za Uskoti

SWALI: Kikundi chetu hapa Area D kimepangiwa dansi ya Uskoti iitwayo Petronella kwa ajili ya siku ya utamaduni. Tuna karatasi mbili za maelekezo. Ya kwanza inasema jozi ya 1 pekee ndiyo inayozunguka kwa vipimo 16, jozi ya 2 imesimama, na dansi inaishia kwa puseti (jozi mbili, kila moja ikiwa imeshikana mikono miwili, zinabadilishana nafasi). Ya pili inasema watu wanne wote wanazunguka kwa hesabu 32, kisha jozi ya 1 inashuka katikati, inarudi, inapindia nje (kila mmoja anapita nyuma ya mstari wake) hadi nafasi ya 2, na mwisho wanne wanapeana mikono, kulia na kushoto. Tulipiga kura, ikashinda ya pili, ila puseti ya karatasi ya kwanza tukaibakiza kwa sababu inapendeza. Kila tukianza, wanaume wanagongana. Tufuate ipi?
Mratibu wa kikundi, Dodoma

JIBU: Karatasi zote mbili ni nzima. Kinachowasumbua ni kwamba zinaeleza dansi mbili zenye jina moja. Ya kwanza ni Petronella ya Uskoti, iliyomo katika kitabu cha kwanza cha mwaka 1924 cha chama cha dansi hizo kilichoanzishwa Glasgow mwaka 1923. Ya pili ni Petronella ya New England, Marekani. Dansi ilivuka bahari, ikakaa huko, ikapata tabia za wenyeji, na jozi ya 2 iliyokuwa ikisimama tu ikaingia nayo kuzunguka.

Hesabu ndiyo inayoifichua kila karatasi ilikotoka. Waskoti huhesabu vipimo vya muziki, vile ambavyo walimu wetu wa kwaya huviita baa. Wamarekani huhesabu mapigo. Katika rili, yaani muziki wa mwendo wa haraka kama wa Petronella, kipimo kimoja kina mapigo mawili, kwa hiyo vipimo 16 na hesabu 32 ni urefu uleule. Hapo hapana mgongano wowote. Mgongano upo kwenye njia wanayopita wachezaji, na hauwezi kuamuliwa kwa kura. Chukueni karatasi moja, fuateni mwanzo hadi mwisho, muone kama kila kifungu cha vipimo 8 kinajaa na kama kila mtu anatua pale kifungu kinachofuata kinapomtaka. Puseti inataka jozi ya 1 iwe katikati, juu. Karatasi ya Marekani imekwisha kuipeleka nafasi ya 2. Mkiunganisha, mnawataka watu wawili wawe mahali pawili kwa wakati mmoja.

Wanaume wanagongana kwa sababu hii. Katika Petronella ya Uskoti jozi ya 1 inachora umbo la almasi, yaani mwanamume wa 1 anatua katikati, baina ya jozi ya 2. Katika ile ya Marekani wanne wanakwenda kwa umbo la mraba, kila mmoja akihamia nafasi ya jirani yake wa kulia, na mwanamume wa 2 anakatiza kwenda upande wa pili. Jozi ya 1 ikicheza almasi huku jozi ya 2 ikicheza mraba, wanaume hao wawili wanakutana palepale, kipimo cha pili, bega kwa bega.

Kwa kuwa mmepangiwa dansi ya Uskoti, chezeni ya kwanza. Mistari miwili inatazamana: wanaume bega lao la kushoto liko upande wa muziki, wanawake bega la kulia. Upande wa muziki ndio unaoitwa juu.

Vipimo 1–2: jozi ya 1, kila mmoja kwa padebaski mbili (padebaski ni hatua tatu fupi ndani ya kipimo kimoja), anasogea kuelekea kulia kwake huku akijigeuza robo tatu ya mzunguko. Mwanamke anatua katikati upande wa juu akitazama chini, mwanamume anatua katikati upande wa chini akitazama juu. Vipimo 3–4: wanacheza mahali, padebaski kulia, padebaski kushoto. Vipimo 5–8: wanarudia, na sasa mwanamume yuko upande wa wanawake, mwanamke upande wa wanaume. Vipimo 9–12: tena, mwanamume juu, mwanamke chini. Vipimo 13–16: kila mmoja amerudi kwake.

Vipimo 17–24: wanashikana mikono ya kulia, wanashuka katikati vipimo 3, wanageuka katika kipimo cha 4, wanapanda, na kipimo cha mwisho wanakitumia kutazamana na kushikana mikono miwili katikati, juu. Jozi ya 2 nayo inasogea katikati ikiwa imeshikana mikono. Vipimo 25–32: puseti, ambayo tumeieleza hapa chini kwa msomaji wa Mpwapwa.

Wachezaji wa jozi ya 2 wasijione wamenyimwa dansi. Zamu yao inakuja, na jicho linalofuata almasi ya wenzao ndilo litakalowaongoza.

SWALI: Karatasi yetu ya Petronella inasema mstari mmoja "kwa mwelekeo wa saa", na mstari unaofuata "kinyume cha saa". Tufute upi?
Msomaji, Nkuhungu

JIBU: Msifute hata mmoja. Mwili wa mchezaji unajigeuza kwa mwelekeo wa saa, huku njia anayopita kuzunguka almasi inakwenda kinyume cha saa. Ni kama gurudumu la trekta linalozunguka upande mmoja huku trekta lenyewe likikata kona ya shamba upande mwingine. Anayechanganyikiwa mwambieni maneno mawili tu: sogea kulia, rudisha bega la kulia nyuma. Akijigeuza robo moja badala ya robo tatu atafika mahali sahihi, lakini mzunguko wenyewe, ambao ndio uzuri wa dansi hii, utakuwa haumo.

SWALI: Tunaomba mtueleze puseti. Karatasi moja inasema jozi ya 1 inakwenda upande wa wanaume, nyingine inasema "mwanamume anavuta", ya tatu inasema "mwanamume anasukuma". Sisi tunamaliza tukiwa pande zisizo zetu.
Kikundi cha vijana, Mpwapwa

JIBU: Zote tatu zinasema kweli, kila moja ikiwa inamtazama mtu tofauti. Mwanamume wa 1 anaanza kwa kurudi nyuma, kwa hiyo anavuta. Mwanamume wa 2 anaanza kwa kwenda mbele, kwa hiyo anasukuma. Karatasi isiyosema ni mwanamume yupi imekata kiungo.

Mwendo wote ni padebaski, na hapa wanaume wanaanza kwa mguu wa kushoto, wanawake kwa wa kulia. Katika dansi hizi tumezoea mguu wa kulia kwa kila kitu, ndiyo maana wanaume wengi wanakosea hapo, na jozi nzima inayumba kama kitanda kibovu tangu kipimo cha kwanza.

Kipimo 1: jozi ya 1 inatoka katikati kwenda upande wa wanaume, jozi ya 2 kwenda upande wa wanawake. Kipimo 2: kila jozi inajizungusha robo kwa mwelekeo wa saa. Kipimo 3: jozi ya 1 inashuka, jozi ya 2 inapanda, kila moja kwenye ubavu wake. Kipimo 4: robo nyingine. Kipimo 5: zote mbili zinaingia katikati. Kipimo 6: nusu mzunguko. Vipimo 7–8: wanaachiana na kurudi nyuma, kila mtu kwenye mstari wake.

Jumlisheni: robo, robo na nusu ni mzunguko mmoja kamili, na ndiyo maana kila mtu anaishia upande aliotoka. Ninyi mnaoishia pande zisizo zenu mmeacha nusu ya kipimo cha 6, mara nyingi kwa sababu kipimo cha 5 kilikuwa na hatua ndefu mno na muda ukawaishia. Hatua za puseti ziwe fupi. Kama ni sakafu ya saruji chora kwa chaki mraba wenye upande wa mita moja na nusu hivi, jozi zote mbili zicheze ndani yake.

Kuna njia ya kujikagua ambayo haijawahi kutuangusha. Simamisheni muziki mwisho wa kipimo cha 2. Wanaume wote wawili, wa jozi ya 1 na wa jozi ya 2, wanapaswa kuwa wameupa muziki mgongo. Kama mmoja anautazama muziki, amejizungusha kinyume, na hakuna haja ya kuendelea kutafuta kosa kwingine.

SWALI: Ninatafsiri maelekezo ya dansi hizi kwa ajili ya wanafunzi wangu. Neno moja la Kiingereza nimelikuta lina maana ya kundi la wachezaji, na mistari miwili chini linakuwa kitendo. Nimeandika "seti" kote, sasa wanafunzi wananiuliza "seti inaseti vipi?" Nifanyeje?
Mwalimu, Kondoa

JIBU: Mwalimu, wanafunzi wako wameuliza swali zuri. Kundi la jozi nne lililopangwa mistari miwili liite seti, watu wamelizoea. Kitendo kiite "kucheza mahali": padebaski moja kulia, moja kushoto, vipimo 2, bila kusafiri. Ukisoma sentensi na hujui ni lipi kati ya hayo mawili, tazama namba za vipimo pembeni. Kitendo kinakula vipimo 2 kila mara. Kundi halili kipimo.

Neno jingine la kulichunga ni lile ambalo Kiingereza kinalitumia kwa kujigeuza peke yako na pia kwa kumzungusha mwenzako. Kiswahili kimetupa maneno mawili, geuka na mzungushe, basi tuyatumie. Karatasi nyingi za Kiswahili tunazoletewa zinasema "geuka na mwenzako", na wachezaji wanabaki wamesimama, kila mmoja akimgeukia mwenzake, mikono chini, wakati walitakiwa kushikana mikono na kuzunguka pamoja.

Kisha ongeza kile ambacho mwandishi wa Kiskoti hakukiandika kwa kudhani kinajulikana. Ukikuta "jozi ya 1 inacheza mahali na kupindia nje nafasi moja, vipimo 1–4", jozi ya 2 nayo ina kazi: katika vipimo 3–4 inapanda nafasi ya juu. Isipopanda, jozi ya 1 inafika nafasi ya 2 na kukuta imekaliwa. Andika "jozi ya 2 inapanda" kwa wino mwingine, palepale kwenye mstari, usiache kwa kudhani watakumbuka.

Vivyo hivyo kwa "kushuka katikati na kupanda". Karatasi moja itasema jozi ya 1 inarudi juu kabisa, nyingine itasema inarudi hadi nafasi ya 2. Angalia kifungu kinachofuata. Kama ni puseti, wanarudi juu. Kama kinachofuata kinawahitaji katikati ya jozi mbili, wanaishia nafasi ya 2, na jozi iliyokuwa hapo imekwisha kupanda wakati wao wakishuka. Hiyo ndiyo kanuni inayomaliza ubishi mwingi wa karatasi hizi: soma mstari unaofuata kabla ya kuamua mstari ulionao.

Kwa kukagua tafsiri yako bila kuwachosha wanafunzi, chukua vizibo 8 vya soda, rangi moja kwa wanaume na nyingine kwa wanawake, uviandike namba 1 hadi 4 kwa kalamu ya maka. Vipange mezani, weka kikombe mahali pa muziki, usukume kila kizibo kama karatasi inavyosema. Kizibo kikitaka kukaa juu ya kizibo kingine, hapo tafsiri ina kasoro, au mwandishi ameruka kitu. Dakika kumi za vizibo zinaokoa jioni nzima ya mazoezi uwanjani, hasa huku kwetu ambako upepo ukianza vumbi halisubiri mtu aelewe.

Na kama una mchoro pia, tafuta kwanza muziki uko upande gani wa ukurasa. Wachoraji wengine huuweka juu, wengine kushoto. Mchoro na maandishi vikionekana kupingana, zungusha karatasi robo kabla ya kumlaumu mtu.

SWALI: Kona ya kwanza ni nani? Karatasi A inasema kona ya kwanza ya mwanamume wa 1 ni mwanamke wa 3. Karatasi B inasema kona za kwanza ni mwanamume wa 2 na mwanamke wa 3. Na raundi ya pili zote mbili hazifanyi kazi.
Msomaji, Manyoni

JIBU: A na B zinakubaliana. Jozi ya 1 ikiwa nafasi ya 2, kila mmoja upande wake akitazama mstari wa pili, kona yake ya kwanza iko mshazari kuliani, ya pili mshazari kushotoni. Kuliani kwa mwanamume wa 1 yupo mwanamke wa 3. Kuliani kwa mwanamke wa 1 yupo mwanamume wa 2, ambaye amekwisha kupanda juu. A imemtaja mmoja, B imewataja wote wawili.

Raundi ya pili inawashinda kwa kuwa karatasi zenu zinataja watu. Kona ni mahali. Raundi ya pili jozi ya 1 imeshuka, juu yake iko jozi ya 3, chini yake jozi ya 4, kwa hiyo kona ya kwanza ya mwanamume wa 1 sasa ni mwanamke wa 4. Futeni namba za watu, andikeni "kuliani" na "kushotoni", na karatasi itafaa raundi zote.

Mkikuta "mzungushe kona, mwenza, kona, mwenza" bila kutajwa mkono, ni kulia kwa kona, kushoto kwa mwenza, kulia kwa kona ya pili, kushoto kwa mwenza, vipimo 2 kila mmoja. Anayechelewa hapa karibu kila mara amemzungusha kona wake wa kwanza kupita kiasi. Kona hasafirishwi, anarudi alipokuwa.

SWALI: Katika rili ya watu watatu ubavuni (hapa rili si muziki, ni mwendo wa umbo la nane wa watu watatu wa mstari mmoja), maelekezo mamoja yanasema "jozi ya 1 iingie ndani na kushuka", mengine "pitaneni bega la kushoto". Wanawake wetu wanafanya vizuri kwa yote mawili, wanaume wanakwama.
Msomaji, Bahi

JIBU: Umeona vizuri, na jibu limo ndani ya swali lako. Mwanamke wa 1 akiingia ndani na kushuka, mwanamke wa 2 anabaki kushotoni kwake, kwa hiyo wanapitana bega la kushoto. Mwanamume wa 1 akifanya vilevile kwenye ubavu wake, mwenzake wa 2 yuko kuliani, nao wanapitana bega la kulia. Agizo la kwanza linataka pande mbili ziwe kama mtu na kioo. La pili linataka pande zote zifanye umbo moja, na hapo mwanamume wa 1 lazima apite nje. Dansi za aina zote mbili zipo. Amueni mapema ni ipi, kwa sababu bega la kwanza likishapita, mengine yote ya umbo la nane yanalifuata.

SWALI: Petronella inasema jozi ya 1 icheze mara tatu, dansi nyingine tuliyonayo inasema mara mbili kisha ishuke chini. Pia muziki tuliopewa unaisha sisi tukiwa katikati.
Kiongozi wa kikundi, Kongwa

JIBU: Hesabuni dansi inahitaji jozi ngapi. Petronella inahitaji mbili. Baada ya mara mbili jozi ya 1 iko nafasi ya 3, na chini yake imebaki jozi ya 4, inayotosha. Basi inacheza nayo mara ya tatu, na wakati huohuo jozi ya 2, iliyo juu sasa, inaanza na jozi ya 3. Dansi ya jozi tatu inahitaji jozi mbili chini ya ile inayocheza, nayo nafasi ya 3 ina moja tu. Hapo jozi ya 1 inapita nje haraka hadi nafasi ya 4, na jozi ya 4 inapanda.

Kuhusu muziki, tazameni maandishi ya jina la wimbo. Herufi R ni rili, J ni jigi, nayo ya mwendo wa haraka, S ni stratispei, ya mwendo wa polepole, na 8x32 maana yake raundi 8 za vipimo 32, jumla vipimo 256. Wimbo wa 4x32 utawaacha katikati hata mcheze vizuri namna gani. Kama hakuna maandishi, pimeni raundi moja kwa saa ya simu: rili inakula takriban sekunde 35, stratispei zaidi kidogo ya dakika moja. Rili ya raundi 8 basi ni kama dakika 4 na sekunde 40. Mlio mrefu wa mwanzo na wa mwisho ni wa kupeana heshima, usihesabiwe.

Katika dansi hizi hakuna filimbi ya kiongozi kubadilisha mchezo kama kwenye ngoma zetu nyingi. Wimbo wenyewe unageuka kila vipimo 8. Wapeni wachezaji kazi ya kusikiliza raundi mbili wakiwa wamekaa, wapige kofi moja pale wanaposikia unageuka. Makofi yakianguka pamoja, wainuke, wacheze.